Hukumu ya Ulimi: Majina ya Njaa na Vyakula vya Kitui na Makueni

Njaa iliyowapata watu wa Kitui na Makueni mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipewa na wenyeji jina ambalo ni sentensi kamili: Nikw'a Ngwete. Tafsiri yake kwa Kiswahili ni "Nafa hali nimeshika." Kilichoshikwa hakitajwi. Msikilizaji wa Kikamba hahitaji kutajiwa, maana anajua kuwa kilichomo mkononi ni fedha, na kwamba mwenye fedha hizo amefika dukani akakuta hakuna cha kununua. Katika maneno mawili mna msemaji, mna kifo, mna mkono uliofumba, na mna pengo ambalo sharti lijazwe na yule anayesikia. Kama maneno hayo yangalitungwa na mshairi mwenye jina, yangalikwisha kufundishwa madarasani. Kwa kuwa yalitungwa na watu waliokuwa wakitafuta unga, yamewekwa katika majedwali ya miaka ya ukame.

Hiyo ndiyo dosari ya kwanza katika namna majina ya njaa, yaani majina ya yua, yalivyoshughulikiwa mpaka sasa. Wakusanyaji wa fasihi simulizi ya Wakamba hawakuwa wachache wala wavivu. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha ngano za wanyama, ngano za viumbe vya ajabu, na pia, mwaka 1934, vitendawili, methali na nyimbo. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba mwaka 1966. Hata hivyo majina ya njaa yamebaki zaidi mikononi mwa wanahistoria na wataalamu wa kilimo, ambao huyatumia kama vigingi vya kufungia tarehe: mzee fulani alizaliwa katika njaa fulani, basi umri wake ni kadha. Matumizi hayo yana faida yake, na hapana haja ya kuyabeza. Lakini anayelitazama jina kama tarehe tu hulisoma kama asomavyo mtu namba ya nyumba, asibishe hodi kujua nani anakaa ndani.

Dosari ya pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa ina madhara nje ya maktaba. Ni ile kauli ya kawaida, isikikayo katika ripoti na katika mabaraza, kwamba watu wa sehemu hizi kavu ni wakaidi wa ulimi: wanapenda mahindi mahali pasipofaa mahindi, wanadharau mtama uliowalea babu zao, na hata wanapoletewa chakula cha msaada huchagua na kukunja uso. Kauli hii huchukulia kwamba kupenda na kuchukia chakula ni jambo la mazoea tu, lisilo na hoja ndani yake. Majina ya njaa yanashuhudia kinyume. Yakisomwa kama maneno yaliyotungwa kwa makusudi, yanaonyesha kwamba ulimi wa Kitui na Makueni hutoa hukumu, na kwamba mara nyingi kinachohukumiwa si chakula chenyewe bali hali ambayo chakula hicho kilikuja nayo.

Inafaa kuanza na njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19. Mvua zilikosa kwa misimu kadhaa mfululizo, sotoka ilikuwa imekwisha kufyeka ng'ombe miaka michache nyuma, ndui ikafuata, na wakati huohuo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikipita Kibwezi na Makindu ikielekea bara. Njaa hiyo inajulikana sana kwa jina la Ngomanisye, ambalo hufasiriwa kuwa ni ile iliyoenea kila mahali, isiyomwachia mtu pa kukimbilia. Jina hili halitaji chakula chochote. Linataja upana tu, na upana huo ulikuwa na maana ya kipekee kwa watu ambao kinga yao ya zamani dhidi ya ukame ilikuwa ni kwenda kwa jamaa na marafiki wa nchi nyingine, milimani kwa Wakikuyu au Waembu, na kukaa huko mpaka mvua irudi. Njaa iliyo kila mahali ni njaa isiyo na jirani.

Lakini njaa hiyohiyo ilipewa pia jina la Magunia. Hapa sauti inabadilika kabisa. Magunia ni yale yaliyoletwa kwa reli, yenye mchele kutoka ng'ambo, ambayo kwanza yalikuwa chakula cha vibarua wa reli na baadaye kwa sehemu yakagawiwa wenye njaa. Aliyelitunga jina hili angeweza kuitaja ndui, au reli yenyewe, au mchele. Akachagua kitambaa cha nje. Huo ni uchaguzi wa mtu anayekiona chakula kwa mbali kabla hajakionja. Anaona kwanza chombo kigeni, kilichoshonwa mdomo, kilichomo mikononi mwa mtu mwingine. Chakula cha nyumbani hukaa katika ikumbi, ghala la familia, ambalo mwenyewe hulifungua apendavyo. Gunia hufunguliwa na mgawaji.

Mtindo huo wa kukitaja kinacholeta chakula badala ya chakula ulirudi mwaka 1961. Ukame ulikuwa mkali, kisha mwishoni mwa mwaka yakaja mafuriko yaliyokata barabara, na ndege zikatumiwa kupeleka chakula. Njaa ikaitwa ya Ndeke, yaani ya ndege. Mhakiki aweza kuona hapa mshangao wa mtu wa kijijini mbele ya chombo cha angani, na mshangao huo labda ulikuwepo. Hata hivyo kejeli haikosekani. Mvua ndiyo iliyotazamiwa kushuka kutoka mbinguni. Ilipokosa, kikashuka chakula. Na mvua ilipokuja ikaja kwa wingi uliokifanya hata hicho chakula kishindwe kufika kwa njia ya ardhi.

Mwaka 1965 jina lilikuwa Atta. Ni jina fupi kuliko yote, na ndilo lenye mengi ya kufundisha juu ya ladha. Atta ni unga wa ngano, na neno lenyewe limetoka India pamoja na wenye maduka. Mwaka huo mahindi yaliadimika katika Kenya nzima, kwa ukame na kwa uendeshaji mbaya wa biashara ya mahindi, jambo lililosababisha kuundwa kwa Tume ya Uchunguzi wa Mahindi ya mwaka 1966. Wenye njaa wakapewa unga wa ngano. Mama aliyezoea kusonga ngima, yaani ugali, kwa unga wa mahindi au wa mawele alijikuta na unga unaonata kama gundi ndani ya chungu. Hakuwa na mafuta ya kukaangia wala chuma cha kuokea. Alichokipika hakikuwa mkate wala hakikuwa ugali, na jina la mwaka likahifadhi fedheha ya sufuria ile.

Sasa na atazamwe mwanawe, au mjukuu wake, siku ya Krismasi. Katika nyumba za Kitui na Makueni, kama katika sehemu kubwa ya Kenya, chakula kinachotangaza sikukuu ni chapati, pamoja na wali. Watoto huzihesabu chapati zikiwa bado motoni. Lakini chapati ni atta! Na wali ni kile kilichokuwamo ndani ya magunia. Vyakula viwili vilivyozipa njaa majina ndivyo vinavyoipa furaha jina katika kizazi cha baadaye, wala nafaka haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza ilipimwa katika foleni, na mara ya pili ilinunuliwa kwa fedha ya mwenye nyumba, ikaletwa pamoja na mafuta yake, ikapikwa kwa wageni aliowachagua mwenyewe. Anayedai kwamba ulimi wa Mkamba hukataa kigeni kwa sababu ni kigeni hana jibu la kuitolea chapati.

Yaweza kupingwa kwamba majina haya hayana hukumu yoyote. Kwamba binadamu wote huutaja mwaka kwa kitu kilichokuwa kipya ndani yake, na kwamba unga, ndege na magunia vilitajwa kwa upya wao tu. Pingamizo hili lina uzito, na mfano wa Ngomanisye unalisaidia kwa kiasi. Wakikuyu nao, majirani wa karibu, waliita njaa ya 1943 kwa jina la mihogo, bila kuonekana kwamba mhogo ulitukanwa. Hata hivyo pingamizo halitoshi kueleza neno lililo katika Kikamba chote cha kila siku kuhusu jambo hili, nalo ni mwolyo. Mwolyo ni chakula cha msaada. Mahindi yakiwa katika ikumbi ni mbemba. Mahindi hayohayo, punje kwa punje, yakitoka katika lori la serikali ni mwolyo. Lugha imekipa chakula jina la pili kwa kutazama mkono uliokitoa. Wanasiasa wa sehemu hizi wanalijua neno hili vizuri, kwa maana ni zuri katika kampeni na ni baya katika kumbukumbu. Ambapo lugha imetenga hivyo, haifai kusema kuwa majina ya njaa ni orodha ya vitu vipya tu.

Kuna chakula kimoja ambacho hakikusamehewa, nacho ni mahindi ya manjano. Katika ukame wa 1984 Kenya iliagiza mahindi mengi kutoka nje, na sehemu kubwa ilikuwa ya rangi hiyo, ambayo Marekani hulimwa zaidi kwa ajili ya mifugo. Yalilalamikiwa kwa harufu, kwa ladha, kwa ugali usiotulia. Lakini lalamiko lililotangulia yote lilikuwa la rangi, na nyuma ya rangi kulikuwa na habari kwamba ng'ombe wa wenzao ndio wanaoyala. Mtaalamu wa lishe atasema, na ni kweli, kwamba rangi ile ni dalili ya kiini kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini, na kwamba mahindi meupe hayana neema hiyo. Hoja yake ni sahihi lakini inajibu swali ambalo halikuulizwa. Swali lililoulizwa kwenye foleni lilikuwa kama mla chakula anahesabiwa kuwa mtu au mfugo.

Jambo hili halikuwa la Ukambani peke yake. Watanzania, katika miaka yao ya uhaba, waliuita unga wa mahindi ya manjano "unga wa Yanga," kwa rangi ya klabu ya mpira ya Dar es Salaam. Hapa kuna tofauti ya kisanaa inayostahili kutazamwa. Mzaha wa mjini uliikimbilia rangi ukaifanya kuwa utani wa watani wa jadi, na kwa utani huo ugali ukateremka kooni. Shabiki wa klabu pinzani alikuwa na sababu mbili za kukunja uso. Majina ya Kikamba hayakufanya utani wa namna hiyo. Kejeli yao ni kavu, haina kicheko cha kumfariji mlaji, na pengine ndiyo maana yamedumu baada ya njaa kwisha. (Ni haki kuongeza kwamba watoto wa leo hununua bisi zilizopasuliwa kutoka punje za manjano bila kuuliza habari za 1984.)

Upendo wa mahindi meupe nao haukuanza na ulimwengu. Mahindi yalitoka bara la Amerika, yakafika pwani ya Afrika Mashariki katika zama za Wareno, na Kiswahili kikayaita kwa jina la India kana kwamba ndiko yalikotoka. Kikamba kiliyaita mbemba, jina lenye ndugu yake katika Kikuyu, mbembe. Weupe wao ulithibitishwa na mashamba ya walowezi na soko lao la nje, lililotaka punje za rangi moja. Kwa hiyo hicho kinachoitwa leo ladha ya asili ni ladha iliyojaribiwa, ikakubaliwa, kisha ikasahauliwa kwamba iliwahi kujaribiwa. Huu si ushahidi wa ukaidi. Ni ushahidi wa ulimi uliowahi kubadilika ulipoona faida: mahindi hayahitaji kuamiwa ndege kama mtama, hupurwa kwa wepesi, hubebeka, huuzika.

Chakula ambacho kwacho Ukambani ulilifanya zao hili la kigeni kuwa lake kabisa ni muthokoi. Msafiri asiyejua huona mchanganyiko wa mahindi na kunde, au mbaazi, au pojo, akauita kwa jina analolijua: mtu wa pwani atasema pure, Mtanzania atasema makande, Mnairobi atasema githeri. Mkamba naye analo neno isyo kwa mahindi yaliyochemshwa na maganda yake pamoja na jamii ya kunde. Lakini muthokoi si isyo. Mahindi makavu hunyunyizwa maji kidogo, hutiwa kinuni, hutwangwa kwa kipimo mpaka ganda la nje litoke bila punje kuvunjika, kisha huanikwa, hupepetwa, ndipo yapikwe. Ustadi wote umo katika kipimo hicho: mchi ukizidi, mahindi huwa chenga, ukipungua, ganda hubaki likamsumbua mlaji. Ikipikwa vizuri, punje huwa nyeupe, laini, zimefunguka kidogo, na mbaazi zimezipaka rangi yao. Makande ya baadhi ya sehemu za Tanzania hukobolewa vilevile, na hapo undugu wa vyakula hivi viwili ni mkubwa kuliko undugu wa majina yao.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya kazi hii, kutwanga, kukoboa, kupura, kupeta, kupepeta, lakini kwa chakula chenyewe kimeona afadhali kuliazima neno la Kikamba zima zima. Jambo hilo linafaa. Neno likitafsiriwa kuwa "mahindi yaliyokobolewa," linakuwa maelezo ya mashine. Likiachwa kuwa muthokoi, linabeba jiko lake. Upande wa pojo hali ni ya fujo zaidi: Wakenya wengi wa bara husema ndengu, Watanzania husema choroko, na dengu ya kamusi ni kitu kingine kabisa, hata mwanafunzi wa Kitui ambaye kwao zao hili ndilo fedha ya ada hujikuta amekosea katika insha kwa kukitaja kwa jina sahihi la nyumbani kitu kilicho mbele ya macho yake.

Lakini sifa za muthokoi zisomwe kwa tahadhari. Wanaousifu kwa sauti kubwa, hasa wakiwa mjini, mara nyingi si wale walioshika mchi. Kukoboa kwa kinu ni kazi ya wanawake na wasichana, kazi ya mabega na ya alfajiri, ambayo huanza baada ya maji kuletwa kutoka mbali. Hamu ya mwanamume wa Nairobi kwa muthokoi wa mama yake ni hamu ya kweli. Hata hivyo ndani yake mna saa kadhaa za kazi ambazo hazikuwahi kuhesabiwa kuwa sehemu ya ladha. Mashine za kukobolea zilipoingia katika masoko ya vijiji, wanawake hawakulia kwamba utamu umepotea. Walilipa, wakabeba mahindi yao meupe, wakarudi nyumbani wakiwa na nusu ya asubuhi mikononi mwao. Uhakiki unaoililia ladha ya kinu bila kuuliza nani alitwanga umekubali kuwa mgeni wa heshima, anayekula na kuondoka.

Hesabu hiyohiyo ya kazi ndiyo inayoeleza habari ya mtama, yaani muvya, na mawele, yaani mwee. Nafaka hizi zinavumilia ukame kuliko mahindi, na kila baada ya mavuno kukosa hutoka wito kwamba watu wazirudie. Inasemekana kuwa vijana wanaziona chakula cha umaskini, nayo si uongo mtupu. Lakini mtama haukukataliwa kwanza mdomoni, ulikataliwa shambani. Shamba la mtama linataka mtu wa kufukuza ndege tangu mapambazuko hadi jua kuchwa kwa majuma kadhaa, na mtu huyo zamani alikuwa mtoto. Ada ya madarasa ya mwanzo ilipoondolewa mwaka 1974, na ya shule ya msingi nzima mwaka 2003, mtoto akawa darasani saa zilezile ambazo kwelea huwa shambani. Hakuna mzazi wa Mwingi au wa Wote wa kulaumiwa kwa kuchagua hivyo. Wakati huohuo kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilikuwa kimetoa mwaka 1968 mbegu ya mahindi inayokomaa mapema ili kuuwahi mwisho wa mvua fupi, na mahindi yakapata hoja mpya ya kubaki.

Mtama umerudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Wakulima wa Kitui na Makueni walihimizwa kupanda aina ya gadam, si kwa ajili ya uji wala ugali, bali kwa ajili ya kutengeneza bia ya pipa ya bei nafuu. Walikubali. Walipanda, waliamia, walivuna, waliuza; na serikali ilipopandisha ushuru wa bia hiyo mwaka 2013, soko likaanguka na magunia yakabaki nyumbani. Ladha haikuhusika hata kidogo katika kisa hiki. Wale walioambiwa kuwa hawataki mtama kwa sababu ya ulimi walionyesha kwamba wanautaka sana pale bei inapolipia kazi ya kufukuza ndege.

Yote hayo yanaweza kumvuta mhakiki kuuamini ulimi kupita kiasi, na hapo ndipo yaliyotokea mwaka 2004 yanapomzuia. Kuanzia Aprili mwaka huo watu wa Makueni na Kitui, na baadhi ya jirani zao wa Machakos na Thika, walianza kuugua manjano na kufa kwa ini kuharibika. Waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa 317, na kati yao 125 walikufa. Sababu ilikuwa sumu ya ukungu wa mahindi, ambayo Watanzania wameiita kwa neno zuri la sumukuvu. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981, katika miaka ileile ya Nikw'a Ngwete, watu 12 walikufa kwa sumu hiyohiyo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Makueni ndani yake.

Mahindi yaliyoua mwaka 2004 hayakuwa mwolyo. Yalikuwa mbemba. Kwa sehemu kubwa yalilimwa hapo hapo, yakavunwa wakati mvua zisizo za msimu zikinyesha, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani, maana mwaka wa uhaba ghala la nje humvuta mwizi. Hofu ya njaa iliyakaribisha mahindi mpaka chumba cha kulala. Na sumukuvu haina ladha. Mahindi yaliyooza sana huwa machungu, na mpishi huyatupa. Lakini punje nzima, nyeupe, yenye sura ya heshima, yaweza kuwa na sumu ya kutosha bila ulimi kupata habari. Sampuli za bidhaa za mahindi zilizochukuliwa sokoni mwaka huo zilionyesha kuwa zaidi ya nusu, asilimia 55, zilizidi kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni kilichokuwa kimewekwa.

Serikali ikalazimika kuwaomba watu waliyatoe mahindi yao wenyewe yaharibiwe, wapokee ya msaada. Ni vigumu kuwaza ombi lililo kinyume zaidi na kila kilichohifadhiwa katika Magunia, Ndeke na Atta. Chakula cha foleni ndicho kilichokuwa salama, na cha ikumbi ndicho cha kuogopwa. Wako waliokataa, na katika ripoti kukataa huko kunasomeka kama ujinga. Anayeyajua majina ya njaa atakusoma kama uaminifu kwa hukumu iliyokuwa imethibitishwa kwa zaidi ya miaka 100, na ambayo safari hii ilikosea.

Hata hivyo jiko halikuwa bila kinga yoyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu utengenezaji wa muthokoi ulionyesha kwamba kuyakoboa mahindi huondoa sehemu kubwa ya sumukuvu, kwa kuwa kiasi kingi chake hukaa katika ganda na tabaka za nje. Haiondoi yote, na mahindi yaliyoharibika sana hayafai kuliwa kwa namna yoyote. Mwanamke aliyetwanga kwa ajili ya ulaini alikuwa, bila kuambiwa na mtu, akipunguza mauti ndani ya sufuria. Isyo, ambayo mahindi yake hupikwa na maganda, haikuwa na faida hiyo. Lakini wishwa uliobaki kando ya kinu, na ambao leo hubaki chini ya mashine ya sokoni, hautupwi. Hulishwa kuku na ng'ombe, na sumu iliyomo hupita katika maziwa ambayo jioni hutiwa katika chai.